Siku Mikebe Ilipogeuka Ngoma

Naikumbuka asubuhi moja ya Jumapili, mwanangu, Ndia Kuu, barabara ya mtaani kwetu, imejaa watoto hata paka walikosa pa kulala. Nakusimulia kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mwaandaa matembezi ya hisani, ya miguu na ya baiskeli, na hamjui watoto muwaweke wapi. Wengine mwasema wabaki nyumbani, wengine mwasema wapewe mikebe wachangishe. Kaa kitako nikwambie. Jambo hili nililifanya kabla hujazaliwa, na nililifanya likafanyika.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza. Niliondoka na sanduku la mbao, nikarudi na diploma ya elimu ya viungo na baiskeli ya gia tatu. Sikupelekwa na serikali wala sikusomeshwa na mjomba. Usiku nilikanda mikate kiwandani, mchana nikasoma. Mama aliitia ile diploma katika fremu akaitundika sebuleni, na hakuna mgeni aliyekunywa kahawa kwetu bila kuonyeshwa. Sioni haya kulisema hilo. Aliyepanda ngazi kwa miguu yake ana haki ya kuwaonyesha wengine vidato.

Basi siku hizo chuo cha Bi Rukia, alikonifundishia Kurani mimi na nusu ya mtaa, kilikuwa kimeoza paa. Boriti zimeliwa na mchwa, mabati yametoboka, na masika yako njiani. Mwanawe wa Lamu alikwisha mwambia: nyumba ikivuja tena, mama, njoo upumzike kwangu. Angekwenda, watoto wangetawanyika, na mwalimu kama yule hapatikani mara mbili. Nikasema, haiwi. Ng'ambo nilikuwa nimeona watu wakitembea na kuendesha baiskeli ili kuchangia hospitali, watoto wakiwa mbele. Nikakusanya mikebe mitupu ya maziwa, nikaitoboa tundu juu, nikaipeleka chuoni kwenye kapu.

Bi Rukia aliutwaa mmoja akauzungusha mkononi. "Sudi, mikebe hii ni ya nini?"

"Ni ya kuchangishia, Maalim. Kila mtoto na mkebe wake. Ndivyo wafanyavyo ng'ambo."

"Ng'ambo mpita njia hajui mtoto ni wa nani. Hapa kila mtoto ana jina la babake usoni. Ukimtia mkebe mkononi, aliyeombeshwa ni babake."

Na baba mmoja alikuwa amekwisha apa. Fundi Athmani, mtengenezaji wa mashua kule Liwatoni, babake Zuhura, alisema barazani mbele ya watu: "Nikimwona mwanangu akinyoosha mkono njiani, namchukua hapo hapo. Heri paa lianguke." Athmani alikuwa mtu wa kusikizwa. Angemtoa wake, na wengine wangewatoa wao, na hapo tungekuwa hatuna matembezi, hatuna paa, hatuna Maalim.

Bi Rukia akatafuna tambuu yake taratibu, kisha akaniuliza kama vile ningali na miaka saba. "Mtoto akihitimu Kurani mtaani hapa, twamfanyaje?"

"Twamzungusha, wenzake wakiimba kasida kwa dufu."

"Na watu huwaita waombaji?"

"Hasha! Huwamwagia marashi."

"Basi. Jambo likitoka ng'ambo, mwanangu, livishe kanzu kwanza ndipo ulitoe nje."

Akaweka sharti. Hakuna mtoto atakayegusa pesa. Kasha litakaa mlangoni pa chuo, na anayetaka kutoa atatembea na watoto mpaka pale, atie kwa mkono wake mwenyewe. Kazi ya watoto ni moja tu: kuita watu. Mwingine angebishana. Mimi nilikubali papo hapo, kwani diploma yangu ilikuwa ya viungo, si ya ukaidi. Athmani alipopelekewa habari alinung'unika, akasema, "Haya, na aende. Lakini mimi nipo Liwatoni, na macho ninayo."

Ile mikebe? Watoto hawakukubali ipotee. Waliipindua, wakaifunga kamba shingoni, wakaipiga kwa vijiti. Ngoma ile, mwanangu, ilisikika kabla hatujatoka mlangoni.

Mcheza kwao hutunzwa. Madirisha ya juu yalifunguka moja baada ya jingine, marashi yakanyunyizwa hadi kanzu yangu ikalowa mabega. Mimi nikiwa mbele juu ya baiskeli, kengele ikilia, dufu na mikebe nyuma yangu. Milango iliyokuwa haijapata kufunguliwa kwa ajili ya hotuba ya mtu yeyote ilifunguka, wakatoka kina mama na mabuibui yao wakafuata nyuma kwa vigelegele. Wadogo kabisa niliwasimamisha mwisho wa Ndia Kuu, wakarudishwa na bibi zao. Wakubwa waliendelea, na nyuma yao vijana wa baiskeli wamebeba maji ya ndimu, keria za nyuma zikiwangoja watakaochoka. Hilo la maji na keria lilikuwa langu mwenyewe, nalo nilisomea.

Tukaingia Kizingo, mtaa wa wenye magari, ambako watu hawatembei kwa miguu. Gari moja likasimama, bwana mwenye tai akateremsha kioo na kumwelekezea Zuhura noti. Zuhura, msichana wa miaka minane mwenye sauti ya kuuza samaki, akaficha mikono mgongoni.

"Hatupokei, bwana. Njoo utie mwenyewe."

"Wapi?"

"Chuoni. Twenda kwa miguu."

"Nitawafuata kwa gari."

"Gari halihitimu!"

Watoto wakaangua kicheko, na mkewe ndani ya gari akacheka kuwashinda. "Shuka, baba. Umeshindwa." Akashuka, na viatu vyake vya kung'aa, akaingia katikati ya watoto.

Tulipofika Liwatoni, Fundi Athmani alikuwa amesimama kando ya mashua, mikono kifuani, nyundo kiunoni. Mvuvi mmoja mcheshi, asiyejua habari ya kiapo, akamsogelea Zuhura na sarafu. "Shika, binti, ukanunue ubuyu." Dufu likanyamaza lenyewe. Nikashuka baiskelini. Nikawa kama namwona Bi Rukia ameshika kikapu akipanda chombo cha Lamu.

Zuhura alimtazama yule mvuvi, akamtazama babake. Mikono ikarudi mgongoni.

"Ahsante, ami. Sipokei." Kisha akasogea mpaka kwenye mashua. "Baba, sisi hatuombi. Twakuita tu. Njoo."

Athmani akauliza, "Niende wapi?"

"Kwenye paa."

Athmani akainama, akakusanya misumeno na patasi akavitia kapuni. "Kwenye paa haendi mtu mikono mitupu," akasema. Akawageukia wenzake: "Nanyi mwangoja nini? Mwaitwa na watoto, mwataka kadi?"

Wakacheka, wakabeba vyombo vyao vya kazi, wakatufuata. Tulirudi mjini msafara mrefu hata wa mbele na wa nyuma waliimba kasida mbalimbali. Baiskeli yangu niliisukuma, imepakia watoto watatu waliosinzia, na hakuna baiskeli iliyopata kuingia Ndia Kuu kwa fahari kama ile. Kasha lilijaa. Kabla ya alasiri, Athmani alikuwa juu akizing'oa boriti mbovu.

Masika yalipokuja nilikwenda kusikiliza. Mvua ilipiga mabati, nao watoto wakasoma kwa sauti kuishinda mvua, na chini hapakuwa na tone. Bi Rukia akatazama juu, kisha akanitazama mimi. "Sudi," akasema, "sasa ile diploma yako imehitimu."

Basi sikiza, mwanangu. Watie watoto katika matembezi yenu, wala usiwaache nyumbani, kwani udongo uwahi ungali maji. Lakini usiwafanye chambo cha mifuko ya watu. Waambie kwa nini wanatembea, tena kwa maneno yao. Mdogo mpe njia fupi, mkubwa mpe ndefu, na uwe nayo baiskeli ya kumbeba aliyechoka kabla hajalia. Pesa zishikwe na watu wazima mbele ya watu wazima. Kutoa ni moyo, na mtoto kazi yake ni kuuamsha moyo ule, halafu atembee nao bega kwa bega. Na ukisoma jambo jema mbali, soma kwa bidii kama mimi, ila ukifika nalo nyumbani livishe kanzu.

Mungu akupe miguu isiyochoka katika kheri, akupe paa lisilovuja, na siku utakapoitwa na mtoto, akujaalie uache ulichoshika uende.