Jiko la Idrisa Halikutoka Ujerumani

Siamini bado, jamani. Mnaonifuata humu mmezoea kuniona nikitangaza masufuria na chupa za chai. Leo sina mzigo mpya. Rafiki yangu Idrisa amefariki jana asubuhi, na alasiri tulikuwa tumeshamzika.

Moyo, wamesema madaktari. Alikuwa anavaa viatu aende karakana. Basi, ikawa ndiyo hivyo.

Kwa wasiomjua, Idrisa ndiye fundi aliyebuni lile jiko banifu la mkaa, lenye udongo ndani na miguu minne iliyotanuka. Karakana yake iko Gerezani, duka langu la vyombo liko Kariakoo. Kila siku saa nne alikuja tunywe kahawa. "Mangi, mambo?" Mchaga mwenye duka, jina hilo silikwepi.

Ile miguu ina historia yake. Jiko la kwanza alimpa Mama Zawadi, mama lishe wa mtaani kwetu. Akapika wali, akasifu. Akapika maharage, akasifu. Alipoanza kusonga ugali, jiko likaondoka na sufuria.

"Baba, jiko lako linapika vizuri, ila linanikimbia," akamwambia.

Idrisa akavuta kigoda akakaa kumtazama anavyosonga. Kesho yake akarudi. Alikaa pale wiki kadhaa na daftari, anachora mikono ya mama wa watu. Hiyo ndiyo ilikuwa research yake, na ndipo ilipotoka ile miguu.

Halafu kuna siku ya pitch! Mashindano ya wabunifu, ukumbi una baridi ya AC, kila mtu dakika tano. Wenzake wana slides. Idrisa kaingia na jiko, mkaa, na maharage makavu. Jaji akamwambia achemshe maji tu, wampimie muda.

"Samahani mheshimiwa," akajibu kwa adabu zote, "kwetu hakuna anayekula maji ya moto."

Akawaomba wasubiri maharage yaive. Walimtoa nje na jiko lake. Mchana majaji walimfuata huko huko nje, wakaomba sahani. Hakushinda kitu, na alirudi anacheka.

Kwingine hakukuwa na kicheko. Ofisi moja ilimwambia fomu yao haina sehemu ya jiko la namna hiyo. Wawekezaji walitaka kwanza waone wateja. Wateja walitaka kwanza waone jina kubwa.

Sasa niseme lililonikaa rohoni.

Majiko yake yalikuwa hayatoki dukani kwangu. Mteja wa Kariakoo akishika kitu, anauliza, "Mzigo wa wapi huu?" Nikisema wa hapa hapa, anakirudisha taratibu kama vile kinaunguza. Siku moja nikachukua stika zilizobaki kwenye mzigo mwingine, zimeandikwa GERMAN TECHNOLOGY, nikabandika majiko yote. Siku hiyo hiyo yakaanza kutoka. Nikajiona mjanja kweli.

Saa nne Idrisa akaingia. Kulikuwa na bwana mmoja kutoka mkoani, amelikandamiza jiko kwa mikono miwili kulijaribu. Akamgeukia Idrisa mwenyewe: "Kaka, hawa Wajerumani wametisha. Yaani wamefikiria mpaka ugali!"

Idrisa alicheka sana. Bwana yule alipoondoka, akaniomba mafuta ya taa na kitambaa, akakaa chini, akaanza kubandua stika moja moja.

"Mangi, nilipokuwa nimekaa kwa Mama Zawadi, huyo Mjerumani alikuwepo?"

"Kaka, mimi nafanya biashara."

"Najua. Sasa yakitoka kwa jina la mtu mwingine, mimi nitakuwa nimeuza nini?"

Nilikasirika, siwafichi. Nikayabeba majiko nikayatupa stoo, nyuma ya maboksi. Yeye wala hakununa. Kesho yake saa nne alikuja, kahawa vikombe viwili kama kawaida, na hakuyaulizia tena. Nami nikawa nasubiri aulize ndipo niyatoe. Ujinga mtupu. Miezi ikapita hivyo.

Jana nafika msibani, nakuta uchochoro wa kwao umejaa majiko yake. Hakuna aliyeyaagiza. Mama lishe waliyabeba wenyewe kutoka kwenye vibanda vyao, mengine bado yana majivu ya asubuhi. Mama Zawadi alikuwa anagawa kazi, nani chai, nani maharage. Yameungua, yamechakaa, ila hakuna hata moja lililovunjika mguu.

Tuliporudi kutoka makaburini, tukakaa mkekani. Jamaa mmoja aliyekaa karibu yangu, simjui, alikuwa anayatazama. Akaninong'oneza, "Majiko mazuri haya. Mzigo wa wapi?"

"Ni ya Idrisa," nikamwambia. "Huyu tuliyetoka kumzika." Hapo ndipo nilipolia.

Idrisa, leo nimefungua duka kwa saa mbili tu, kisha narudi kwenu msibani. Nimeyatoa majiko yako yote stoo. Nimeyafuta vumbi, nimeyapanga mlangoni, mbele ya kila kitu. Mawili bado yalikuwa na gundi ya zile stika. Nimeisugua mwenyewe.

Saa nne muuza kahawa kapita, kanimiminia vikombe viwili kwa mazoea. Sikumrekebisha.

Mteja wa kwanza kashika jiko, kauliza mzigo wa wapi. Nimemwambia wa Gerezani, kautengeneza rafiki yangu. Kalirudisha chini, kaenda zake. Nimeliacha pale pale mlangoni.

Nisamehe, ndugu yangu. Lala salama. Atakayeuliza tena, nitamtajia jina lako.