Pete ya Kijani

Mwenzangu wa chumba pale chuoni Nchiru ndiye aliyemwona kwanza yule ndege. Kikundi chetu cha kutazama ndege kilikuwa kimeteremka pwani mwezi wa Aprili, wakati vifua vya chamchanga, ndege wadogo wa ufukweni, vinageuka vyekundu nao wanajiandaa kurudi kaskazini. Mmoja alikuwa na pete ya kijani ya watafiti mguuni, na mwenzangu akazisoma herufi zake kwa darubini: KTA. Alizirudia njia nzima hadi Meru. Agosti, pikipiki ikamgonga karibu na hosteli. Hakuamka.

Aprili iliyofuata mama yake, mkulima wa kahawa kule Githongo, aliomba kuja nasi. Hakuwa amewahi kuona bahari. Aliketi mchangani na sweta lake la kanisani, joto lote lile, akaniambia kwa Kimeru kwamba anataka tu kumwona ndege wa mwanawe.

Mimi sikufundishwa na mtu. Ndege nilijifunza kwa simu na kitabu kilichochanika, na labda ndiyo maana naogopa mno kukosea. Wenzangu hunitania: "Prof, hata kunguru lazima umhakikishe?"

Maji yalipoanza kujaa, nikaiona pete ya kijani. K. T. Herufi ya mwisho ilikuwa imezibwa na tope. Nilimngoja ageuke, ainue mguu, maji yamwoshe. Mmoja wetu akaninong'oneza, "Si useme tu ni yeye." Kisha ndege wote wakaruka.

"Ni yeye?" mama akauliza.

Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni kabisa. "Sijui, mama."

"Basi hujasema si yeye."

Akafungua fundo la leso, akatoa mtama aliobeba kutoka nyumbani, akaurusha majini upande walikoelekea ndege. "Atakula njiani," alisema. Chamchanga hula vijidudu vya topeni, nafaka hawaigusi. Mimi ninayesahihisha kila mtu nikamshikia leso.

Alipogeuka kwenda garini, maji yakaanza kurudisha punje miguuni pangu. Nilizifukia mchangani kwa kidole cha mguu, harakaharaka, nikiomba asitazame nyuma. Kila wimbi lilileta nyingine.

Siku hizi nikifumba macho nauona ule mguu. Naukaribia, naukaribia, na tope halitoki.