Gari la Shemeji na Serikali ya Marekani

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniamsha leo na magoti mawili yanayokunjika, nikarukuu na kusujudu bila ya kushikwa mkono. Neema hii sikuijua thamani yake mpaka goti la dada yangu lilipogoma. Sala na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake na sahaba zake. Nataka kuhadithia yaliyotupata mwaka ule serikali ya Marekani ilipoviokoa viwanda vyake vya magari, kwa sababu wanangu wameyasikia vipande vipande na wanadhani natia chumvi. Sitii. Ingekuwa natunga, ningetunga kitu kinachoaminika zaidi.

Dada yangu mkubwa anaishi ukuta mmoja nami, hapa Al Khuwair, Maskati. Ukuta huo tuliutoboa mlango siku tuliyohamia, na sijapata kuuona umefungwa. Mumewe, ambaye ndiye shemeji wa hadithi hii, alifanya kazi bandarini Matrah mpaka akastaafu, na kitu alichojivunia baada ya mkewe, na siku nyengine kabla ya mkewe, ni gari lake la Kimarekani. Alilinunua jipya kule Wattaya, zamani, wakati wenzake wote wananunua ya Kijapani. Ni gari refu, milango mizito, kiti cha mbele kizima kama kitanda. Nyuma kabisa, mahali ambapo magari mengine hupakiwa mizigo, lina kiti kinachotazama nyuma, na anayekaa hapo huona mlikotoka tu, mnakokwenda huhadithiwa.

Dada alikuwa ameanguka miaka mingi kabla, madaktari wakamtia chuma, na mguu wake wa kulia ukawa umenyooka kama mwiko. Gari langu dogo tulilijaribu. Tulimwingiza kwa mbele akakwama. Tukamwingiza kwa nyuma kinyumenyume, mguu ukatokea dirishani na kiatu chake. Katika gari la shemeji hukaa kwanza, halafu akajizungusha taratibu, na mguu ukanyooka mbele bila ya kugusa kitu. Basi alishatangaza: hapandi gari jengine mpaka siku ya jeneza.

Sasa, desturi yetu tuliyokuja nayo kutoka Unguja ni kutakana radhi kabla ya Ramadhani kuingia. Mtu humwendea jirani na ndugu na hata adui, akamwambia nisamehe niliyokukosea. Mwaka ule, ilipoingia Shaabani, mwezi wa kuitangulia Ramadhani, dada alikuwa na radhi moja nzito. Shoga yake wa utotoni anakaa Ibra, bara huko, kiasi cha saa mbili kwa gari. Miaka kumi nyuma, katika harusi ya mtoto wa shoga huyo, dada alionja biriani akasema, kwa sauti ambayo yeye aliiona ndogo, "Mie nlidhani tumealikwa biriani, kumbe bokoboko." Meza nzima ya wanawake ilicheka, maana bokoboko ni ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikawa uji. Tangu siku hiyo dada hakukanyaga tena Ibra kwa aibu, na shoga naye hakuja Maskati. Sasa zikaja habari kuwa shoga ni mgonjwa mgonjwa.

"Nimpigie simu uzungumze naye," nilimwambia.

"Nlimtukana mbele ya watu, leo nikamtake radhi ndani ya waya? Nnataka anione uso. Ramadhani hainikuti na bokoboko lile shingoni."

Shemeji akamwambia Jumamosi watakwenda. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alkhamisi baada ya Alasiri tulikaa barazani kwetu, katika chumba cha pembeni ya msikiti chenye kiyoyozi, wazee watano na birika la kahawa na mkate wa ufuta kutoka jikoni kwa dada. Mmoja wetu ni mwalimu mstaafu anayesoma magazeti ya Kiingereza na kutufasiria, hata tusipomwomba. Siku hiyo alitufasiria habari za viwanda vya magari vya Marekani: vimefilisika, serikali imetia fedha, na sasa serikali ndiyo yenye sehemu kubwa ya kiwanda.

Shemeji aliweka kikombe chini. "Kile kiwanda cha gari langu?"

"Hicho hicho."

"Serikali imekichukua?"

"Haikukichukua, yakhe. Imekiokoa."

"Ndivyo wanavyoanza."

"Na chama cha wafanyakazi kimekubali kupunguziwa mambo mengi," aliendelea mwalimu, "na badala yake kinapewa nacho sehemu ya kiwanda, iwe kwa matibabu ya wastaafu wao."

"Ngoja," nikasema mimi. "Wafanyakazi ndio wenye kiwanda?"

"Pamoja na serikali."

"Basi siku wakigoma, watamgomea nani?"

"Watajigomea wenyewe."

Tulicheka sana. Kisha tukagawana pande, kama kawaida yetu: wawili wakawa wa matajiri, mimi na mwalimu wa wafanyakazi. Nilisema kwa nguvu, na hadi leo nakumbuka mkono wangu ulivyokuwa juu, kwamba mtu anayefanya kazi ana haki ya kupumzika na kusikilizwa. Shemeji peke yake hakucheka wala hakuchagua upande. Alimaliza kahawa yake akaondoka.

Inampasa msomaji ajue jambo moja. Baada ya Mapinduzi ya Unguja, gari la baba yake shemeji lilichukuliwa na serikali, na aliyetumwa kulipeleka ni yeye, kijana wa miaka ishirini. Aliambiwa alioshe na alitie petroli kabla ya kulikabidhi. Alilitia petroli. Alichobaki nacho ni ufunguo wa akiba, uliokuwa mfukoni kwa kusahau, na ufunguo huo amekuwa nao tangu hapo, umefungwa katika kitambaa ndani ya kabati la misahafu.

Siku ya pili, Ijumaa, saa ile ya joto baada ya chakula ambapo hata paka wa Maskati hulala, shemeji aliingia kwa mlango wa ukutani akibingirisha kitu cha duara kilichozungushiwa mkeka na kufungwa kamba.

"Amana," alisema, na jasho likimtiririka.

Amana haipekuliwi. Nilikipokea, nikakiweka pembeni mwa sebule, na kwa kuwa kilikuwa cha kimo kizuri, jioni nilikikalia nikisoma juzuu yangu. Namshukuru Mola, kilikuwa starehe.

Jumamosi asubuhi dada alitoka amevaa buibui jipya na mkoba mkononi. Gari lilikuwa uani, juu ya matofali manne, halina hata gurudumu moja, limefunikwa turubai la harusi.

Sauti ya dada niliisikia nikiwa chooni.

"Bwana, gari lina nini?"

"Lina usalama."

"Magurudumu yako wapi?"

"Hayapo. Wakija kulitaka, watalibeba mgongoni."

"Nani hao?"

"Serikali."

"Serikali gani, jamani?"

"Ya Marekani. Kiwanda wameshakitia mkononi. Baada ya kiwanda ni nini? Ni magari. Mie haya nnayajua, Bibi. Huanza na mashamba, wakaja majumba, wakamalizia gari la baba."

Nilitoka nikamweleza shemeji kwamba Marekani ni mbali, na kwamba serikali yao haina haja na gari lililotembea nusu ya Arabuni. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto. Alisema hata yeye aliambiwa hivyo hivyo wakati ule, na mtu mwenye heshima kuliko mimi.

Dada akanigeukia. "Ndugu yangu, wewe umeyaona magurudumu?"

Niliangalia kibaraza changu, nikakumbuka kilichomo sebuleni. Nilisema, na Mungu ndiye shahidi wangu, "Sikuyaona kwa macho yangu." Ilikuwa kweli, kwa sababu ya mkeka. Lakini usiku huo sikukikalia tena kile kitu, nilisomea sakafuni.

Mawili dada aliyapata mwenyewe, maana kitanda chake kilikuwa kimepanda juu upande mmoja na mguu wake mzima haukufika tena chini. "Nalalia mali ya kiwanda," aliniambia. Lakini magurudumu mawili hayafiki Ibra, na la nne lilikuwa wapi hatujui. Siku zikenda. Tukapendekeza apandishwe nyuma ya pikapu ya muuza samaki, juu ya kiti cha sebuleni, afungwe kamba. Alijibu kwamba yeye si mbuzi wa Idi. Shaabani ikafika katikati.

Mimi, kwa kutaka kumchekesha dada, nilimhadithia habari za wale wafanyakazi wa Marekani na chama chao, na jinsi wanavyogoma. Hakucheka.

"Yaani wanakaa tu? Hawafanyi?"

"Mpaka wasikilizwe."

"Na wote pamoja?"

"Ndiyo maana ya chama."

Kesho yake hakukuja kahawa barazani. Wala mkate wa ufuta. Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu amekaa juu ya ile amana, miguu mbele, na jiko limezimwa. "Mie ni mwanachama," alisema. Kwa dada ilikuwa hivyo hivyo. Na yule mama anayetusaidia kazi za nyumbani, Mganda mwenye watoto wawili kwao, naye alikuwa amekaa kwenye ngazi na mfagio umelazwa mbele yake kama wanavyolaza bunduki.

"Na wewe, mama?"

"Mzee, hata mimi niko ndani ya chama. Mama anataka magurudumu yake. Mimi nataka Ijumaa yangu."

"Ijumaa ya nini?"

"Ya kusali kanisani, mzee. Wenzangu wanakutana Ruwi kila Ijumaa. Miaka miwili nimeomba, madam anasema tutaona."

Mke wangu aliangalia dari. Mimi niliuona mkono wangu ule ulivyokuwa juu barazani, ukitetea wafanyakazi wa bara nyengine, na huyu nyumbani kwangu sikuwahi kumuuliza hata mara moja. Namshukuru Mungu aliyenionesha aibu yangu hapa duniani, kwenye ngazi zangu, mbele ya mfagio. Nikamwambia Ijumaa ni yake kuanzia wiki hiyo. Akasema ahsante, na akabaki pale pale.

"Si umeshapata?"

"Mama bado hajapata."

Siku tatu tulikula tende na mikate ya dukani. Siku ya nne baraza zima likahamia uani kwa shemeji, kando ya gari, na mwalimu akafanywa mpatanishi. Dada alikaa mlangoni, mguu mbele kama kizuizi cha barabarani.

"Tufanye kama wao," alisema mwalimu. "Kule wafanyakazi wamepewa sehemu ya kiwanda. Hapa naye mkewe apewe sehemu ya gari."

"Likiwa nusu langu nusu lake, watachukua nusu," alisema shemeji.

Hapo dada akaingia, kwa sauti ya polepole ambayo sikuisikia tangu ugomvi uanze. "Bwana. Siku ile walipochukua gari la baba yako, cherehani ya mama yako waliichukua?"

Shemeji alifikiri. "Hawakuichukua."

"Kwa nini?"

"Alisema ni yake."

"Wakafanya nini?"

"Wakamwomba radhi wakaenda zao."

Shemeji akaliangalia lile turubai kwa muda mrefu. Halafu akataka kalamu. Aliandika hiba, yaani zawadi ya halali isiyorudi, kwamba gari lote, na si nusu, ni mali ya mkewe, na mimi na mwalimu tukatia saini. "Waje sasa," alisema. Baada ya hapo alikuja sebuleni kwangu, akanitaka amana yake, nami nikamkabidhi kama nilivyoipokea. La nne lilikuwa katika kile chumba cha pembeni ya msikiti, nyuma ya masanduku ya maji. Wiki mbili tulikuwa tumeliegemea.

Tulikwenda Ibra zikiwa zimebaki siku tatu Ramadhani kuingia. Shemeji akiendesha gari la mkewe, dada mbele, mke wangu katikati, mimi kile kiti cha nyuma, nikiaga milima mmoja mmoja.

Shoga alikuwa amelala ukumbini. Dada alifika mbele yake na mguu wake ule, akasimama kwa sababu kukaa kwake ni shughuli, akasema, "Shoga yangu, nisamehe kwa ajili ya Mungu. Lile neno la biriani nlisema mie."

"Neno gani?"

"La harusini. Kuwa bokoboko."

Shoga aliinuka kitako. "Ni wewe?"

"Ni mie."

"Miaka kumi mie nimemnunia wifi yangu!"

"Na mie hukuninunia?"

"Nikununie kwa nini? Nlidhani wewe huji kwa ajili ya goti tu."

Wakatazamana. Kisha wakacheka mpaka shoga akashika ubavu, na yule aliyesemekana ni mgonjwa mgonjwa akataka buibui lake. Wifi yake, ambaye sasa ndiye wa kutakwa radhi, anakaa Sib, pwani huku kwetu, na siku zilizobaki ni tatu.

"Una gari?" aliuliza dada.

"Mwanangu ana dogo."

"Mie nna langu," alisema dada, na kwa mlango uliokuwa wazi nilimwona shemeji, aliyekuwa amegoma kushuka garini muda wote, akinyoosha shingo dirishani kusikia nani mwenye gari.

Kwa hiyo tulirudi sita, na mtoto wa shoga na sufuria la biriani nyuma pamoja nami, tukiiangalia Ibra ikididimia. Karibu na Maskati shemeji alizungumza kwa mara ya kwanza tangu tulipotoka.

"Na wale waliochukua gari la baba," alisema, "waliokufa na walio hai, nimewapa radhi yangu."

Dada alimgusa bega.

"Ila ufunguo siwapi," akasema.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie magoti yanayokunjika na moyo unaokunjika zaidi kuliko magoti, akufikishe kwa uliyemkosea kabla ya mwezi kuandama, na kama huna gari, akupe mwenye gari asiyeogopa serikali. Amin.