Uzi Chini ya Ulimi wa Paka

Mwanamke aliyenipangisha chumba Mji wa Kale alikuwa mshoni wa kofia. Mchana kutwa alikaa ukumbini, mlango wa mbele wazi, kofia nyeupe juu ya goti, akitoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja. Mimi nilikuwa mgeni wake kutoka bara, Mkristo, mwajiriwa wa maabara ya chuo, na kazi yangu ilikuwa matumbo. Nililetewa vipande vya utumbo wa mbuzi, wa kuku, wa sungura, pengine wa paka aliyegongwa na gari. Nilivigandisha ndani ya nta, nikavikata vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, nikavitia rangi na kuvibandika juu ya vioo ili wanafunzi wavitazame kwa hadubini. Siku aliyoniuliza nafanya kazi gani nilimweleza hivyo hivyo. Alinimiminia chai, na tangu hapo hakuniuliza tena.

Alikuwa na paka jike, mweupe mwenye mabaka ya hudhurungi. Mabinti wa mama huyo walikuwa wameolewa wote, na huyo paka ndiye aliyelala miguuni pake.

Ijumaa moja wanafunzi walikuwa likizoni nami nilikuwa nyumbani nikifua. Aliniita kutoka ukumbini, kwa sauti ambayo sikuizoea. Paka hakuwa amekula tangu jana yake na alikuwa akitapika povu la manjano. Sasa mama mwenye nyumba alikuwa amembana mapajani, amempanua mdomo kwa kidole gumba, na kutoka chini ya ulimi ulitokeza uzi mweupe wa kofia. Ncha yake alikwisha kuizungusha kidoleni.

"Ndoo hapa umshike miguu," aliniambia. "Nauvuta mara moja, utoke."

Nilimshika kifundo cha mkono. Sikuwahi kumgusa isipokuwa kwa kumwamkia.

"Usivute, mama. Uzi umenasa hapo chini ya ulimi, na ncha ya pili iko mbali ndani ya utumbo. Ukivuta utamkata."

"Wewe umeuona?"

Sikuwa nimeuona. Nilichokuwa nacho ni somo moja la mwalimu wetu na kipande kimoja cha tishu juu ya kioo. Nilimweleza haraka haraka. Ulimi wa paka una miiba inayoelekea nyuma, kwa hiyo kinachonasa pale hakitemeki, huenda ndani tu. Mbuzi angemeza uzi ukakaa katika lile tumbo lake kubwa, huenda asijue. Paka hana ghala la namna hiyo. Utumbo wake ni mfupi, kuta zake nyembamba, umeumbwa kwa nyama inayopita upesi. Unausukuma uzi, uzi hautoki, basi utumbo wenyewe unaukwea uzi na kujikunja juu yake.

"Kama marinda," nilisema. "Umepitisha uzi kwenye kitambaa, umeshika ncha moja, unavuta nyingine."

Hapo alinielewa. Niliona usoni pake. Lakini kidole hakukifungua.

"Yuwateseka huyu, nawe wanishika mkono," alisema. Paka alilia. Sikumwachia mkono. Mwishowe aliufungua uzi kidoleni, taratibu, mzunguko mmoja baada ya mwingine.

"Haya. Lakini akifa, amefia mikononi mwako."

Alizichomoa sindano zote kwenye kimto chake, akazihesabu juu ya mkeka. Zilikuwa zimetimia, kwa hiyo alichomeza paka ni uzi mtupu. Tulimtia paka kikapuni, tukamfunika leso kuukuu, tukapanda tuktuk hadi kwa daktari wa wanyama niliyemjua upande wa Tononoka. Tulikuta mlango umefungwa. Watu walikuwa msikitini.

Tulikaa kizingitini. Hakunitazama. Paka aliacha kulia, na kunyamaza kwake kulinitia hofu kuliko kilio. Mama aliingiza mkono kikapuni akauacha humo, midomo yake ikisoma kimya kimya. Mimi nilikuwa nikifikiri kwamba utumbo ukishatoboka, uchafu humwagika tumboni na hakuna wa kuurudisha. Kisha nikafikiri jambo baya zaidi: huenda nimekosea, huenda uzi ulikuwa mfupi tu, na mvuto mmoja ungeyamaliza yote pale pale ukumbini.

Daktari alikuja na kanzu yake. Alimpapasa paka tumbo kwa vidole viwili, akasita, akarudia.

"Utumbo umejikunja wote. Kuna aliyeuvuta huu uzi?"

"Hakuna," nilisema.

"Vizuri."

Msaidizi wake alikuwa amepanda basi Mwembe Tayari asubuhi ile kwenda mazishini bara. Daktari alihitaji mikono mingine, akauliza ni nani kati yetu asiyezimia. Mama alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, akaketi kwenye kiti cha barazani, na mlango ukafungwa baina yetu.

Paka alipolala kwa dawa, daktari aliukata kwanza uzi pale chini ya ulimi. Kisha akanyoa tumbo na kulipasua.

Nilikuwa nimeshughulika na matumbo miaka kadhaa, na sikuwahi kuona utumbo ulio hai. Kwenye vioo vyangu umetulia, waridi na zambarau, vile vidole vidogo vya ndani vimesimama kama zulia, na misuli iko chini yake matabaka mawili. Huu ulikuwa unang'aa na unakwenda. Wimbi dogo lilianza upande mmoja, likafika kwenye mikunjo, likakwama, likaanza tena. Niliambiwa niushike kwa shashi yenye maji na nisiubane. Daktari aliniambia niegemeze viwiko mezani.

Alitoboa mahali padogo, akatoa uzi kidogo, akaukata, akasogea mbele, akatoboa tena. Kila kipande kilipotoka, utumbo ulifunguka na kurefuka mikononi mwangu. Nilianza kupumua. Ndipo tukafika penye rangi ya zambarau iliyoiva.

Alisimamisha kazi. "Hapa ndipo panaponitisha."

Aliniambia kwamba pakiwa pamekufa itabidi akate kipande chote na kuunganisha ncha mbili, na paka mwenyewe amedhoofika, huenda asiamke. Alimimina maji ya chumvi ya uvuguvugu, akafunika kwa shashi, tukangoja. Wakati huo alinieleza, nadhani ili nisianguke, kwamba katika kushona sindano lazima ishike tabaka la pili, lile jembamba lenye nguvu, la sivyo nyuzi zitaachia. Nililijua tabaka hilo. Kwenye kioo halina sura, wanafunzi hulipita.

Alifunua. Pale pale, rangi ile ile. Alifunika tena. Nje niliusikia mguu wa kiti ukikwaruza sakafu.

Alipofunua mara nyingine kingo zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Alipabana kidogo kwa koleo. Hakuna kitu. Akabana tena, na ile nyama ikajikaza polepole, pete nyembamba, na wimbi likapita juu ya mahali pale likaendelea na safari yake.

"U hai," alisema daktari, akaomba uzi wa kushonea.

Alipofungua mlango alimweleza mama kwamba paka hajavuka bado. Mishono inaweza kuvuja siku zozote hizi, tumtazame tumbo lisivimbe, na alishwe supu tu. "Habari ninayoitaka kwenu ni moja. Akienda haja, nipigieni simu."

Siku zile kofia hazikushonwa. Mama alimnywesha paka supu ya samaki changu kwa kijiko, na nusu yake ilimwagika. Sabalkheri yangu aliijibu kamili kama kawaida yake, kisha akamrudia paka wake. Kuna siku paka alijificha chini ya kitanda akakataa kutoka. Nililala kifudifudi sakafuni nikaingiza mkono kumpapasa, na mama amesimama juu yangu. Tumbo lilikuwa laini. Nilimwambia, akaitikia kwa kichwa. Kazini niliharibu vipande nilivyovikata kwa sababu sikio langu lilikuwa kwenye simu, na simu haikulia.

Kisha asubuhi moja, ninafunga viatu, akaniita kutoka juu.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Alikuwa amechuchumaa kwenye pembe mbele ya karai la mchanga, na paka amekaa kando akijilamba mguu. Mchangani palikuwa na kitu kidogo, cheusi, kikavu.

"Ndicho?" aliniuliza.

Nilichuchumaa karibu naye nikatazama vizuri. "Ndicho, mama."

Tulikaa hivyo, mabega yetu yakigusana. Kisha akachomoa simu kifuani akanipa.

"Mpigie wewe, mwanangu. Mimi nitamwambiaje mwanamume maneno haya."