Begi Lenye Nafasi ya Mchele

Droni yangu ya kwanza niliibeba kwenye begi la shule. Lilikuwa begi la bluu lenye picha ya gari iliyobanduka nusu, na humo ndani niliizungushia droni masweta mawili na kipande cha kitenge. Mbeya ni mji wa baridi, masweta hayakosekani. Tabu ilikuwa kwamba kila nilipotaka kurusha, ilinibidi kwanza nitoe nguo na kuzitandaza chini kama mtu wa mitumba, huku wenye harusi wakitazamana. Mtu aliyekuita umpige picha kutoka angani hapendi kuona chombo chenyewe kikitolewa kwenye sweta.

Kazi hii niliianza nikiwa mtu mzima. Nilipomaliza kidato cha nne nilipasua mbao Mafinga, nikapima majani ya chai Mufindi, nikauza vipuri vya baiskeli Makambako, nikarudi Mbeya, nikaondoka tena. Sijawahi kukaa kwenye chumba kimoja mpaka rangi ya ukuta ikachakaa nikiwa ndani. Sasa nimepanga mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya, na hata hapo vitu vyangu vingi bado vimo kwenye maboksi. Kupiga picha kunanifaa kwa sababu kunanipa sababu ya kuondoka. Leo kipaimara Rungwe, kesho mtu anataka shamba lake la parachichi lionekane lote kwa mara moja, wiki ijayo harusi Iringa mjini.

Begi la pili lilikuwa begi hasa. Jeusi, gumu, limetengenezwa kwa ajili ya vyombo vya picha, na ndani lina sponji nene iliyokatwa matundu. Droni ilikuwa na tundu lake, rimoti lake, betri tatu matundu matatu, kamera ya mkononi lake, lenzi mbili kila moja na lake. Hata kitambaa cha kufutia lenzi kilikuwa na kijimfuko chake. Nililipenda mno. Usiku wa kwanza nilipanga vitu na kuvipangua mara kadhaa bila sababu. Mimi ambaye sikuwahi kuwa na kabati, nilikuwa na mahali ambapo kila kitu kilijua kikae wapi. Na halikuwa na nafasi hata ya soksi, jambo ambalo wakati ule niliona ni sifa.

Nililivaa mgongoni kwenda Idodi, mkoani Iringa, kwa shangazi yangu.

Huyu shangazi ni dada wa baba, na katika watoto wa babu amebaki yeye tu. Baba alihamia Mbeya kwa ajili ya kazi nikiwa mdogo, lakini likizo zote za shule nilipelekwa kwake. Nilienda kuamia ndege kwenye mpunga. Tulikuwa tunaamka kabla ya ndege, tunasimama kwenye majaruba na makopo na kombeo, tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka, na jioni shangazi anatupa uji wa mchele wenye karanga ili koo lifunguke. Nimelala nyumba nyingi tangu wakati huo. Ile ya Idodi ndiyo pekee ninayoingilia mlango wa nyuma. Napita jikoni, nafunua sufuria, ndipo nasalimia.

Siku hiyo nilipita tu. Chama cha wakulima wa mpunga kule Madibira kilikuwa kimenipa kazi ya kupiga picha za mashamba yao kabla ya kuvuna, nami nilikata kona kwenda Idodi nimsalimie shangazi kwa saa chache. Nikala, nikafungua begi nimwonyeshe. Aliangalia matundu yote kwa makini, akauliza kila kimoja kinaitwaje. Nilipoaga, akaingia ndani akatoka na mchele mpya kwenye kiroba, kilo tano hivi, ameshaufunga mdomo kwa kamba.

Kila mtu anayetoka kwa ndugu kule kwetu anajua la kufanya hapo. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, na namna ya kubeba utaijua mbele ya safari. Mimi nililitazama begi langu jeusi, nikaifikiria pikipiki nitakayopanda mbele ya safari, nikasema, "Shangazi, begi limejaa. Na huko ninakokwenda Madibira mchele upo tele."

Nilisema hivyo. Nilimwambia mwanamke wa Idodi, ambaye nimekua nikifukuza ndege kwenye mpunga wake, kwamba nitapata mchele Madibira.

"Haya," akasema.

Akakirudisha kiroba ndani. Kawaida yake ni kunisindikiza mpaka barabara kuu, mwendo wa karibu nusu saa, tukizungumza mpaka gari lije. Siku hiyo alisimama mlangoni, akaniambia niwasalimie wa huko. Nilikuwa nimeshafika kwenye kona ya mihogo ndipo nikagundua kwamba natembea peke yangu, na hata hapo sikurudi. Kazi ilikuwa inanisubiri.

Miezi ikapita. Binti wa shangazi, anayeishi naye pale, ambaye mimi humwita dada kwa kuwa kanizidi umri, alinipigia simu kuuliza habari ya picha za pasipoti. Katika maongezi akataja kwamba walikuwa wamefanya sala ya shukrani ya mavuno nyumbani, ukoo wote ulikuja, walichinja. Nikamuuliza mbona sikuambiwa. Kisha akaniambia kwamba yeye alitaka kupiga, lakini mama alimkataza.

"Alisema usisumbuliwe," dada akasema. "Kwamba wewe siku hizi ni mgeni, na mgeni haitwi kwenye kazi."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Shangazi hakunitukana. Alikuwa amenihamisha tu, kutoka mlango wa nyuma kwenda mlango wa mbele, na alinihamisha kwa maneno yangu mwenyewe. Nikafikiri: nikimpoteza huyu, sina tena nyumba mahali popote, nina vyumba.

Kuomba radhi kwa simu nilijaribu mara moja. Alinijibu kwa adabu kubwa, akaniuliza hali ya hewa ya Mbeya. Huwezi pia kumwambia mtu, naomba ule mchele nilioukataa. Zawadi haiombwi. Kitu pekee nilichoweza kubadilisha kilikuwa kile nilichokisingizia. Nikaamua kutafuta begi lingine.

Soweto kuna jamaa anayeuza mabegi ya mtumba, ameyatundika kwenye kamba kuanzia juu mpaka chini. Kabla ya kwenda kwake nilipita kibanda cha nafaka, nikanunua mchele kilo mbili, nikafungiwa kwenye mfuko wa nailoni. Kisha nikatoa droni na vitu vyote kwenye begi jeusi, nikavitia kwenye kikapu cha sokoni nikiwa nimevifunika taulo. Nilifika kwa jamaa nikiwa na kikapu mkono mmoja na mchele mkono wa pili.

Alinishushia begi la kwanza, refu, la wapanda milima. Lilimeza kila kitu. Lakini linafunguka juu tu, kama gunia, na kwa hiyo droni inakaa chini kabisa na mchele unaikalia. La pili lilikuwa imara kuliko yote, zipu zake nzito, mikanda ya kiunoni mipana, ila rangi yake ilikuwa ya madoadoa ya jeshi. Nilimrudishia haraka. Mtu mwenye kamera inayoruka, akibeba begi la namna hiyo, kila kituo atakuwa na maelezo ya kutoa. La tatu lilikuwa zuri mpaka nilipokaa pembeni na kulipakata. Lilifika kidevuni. Begi nisiloweza kulipakata kwenye basi litapelekwa kwenye buti, na kwenye buti kuna magunia ya viazi.

Kila begi nilipanga droni, kamera, betri, kisha nikaweka mchele, nikafunga, nikavaa, nikatembea mpaka kwa fundi cherehani na kurudi. Watu wakaanza kusimama.

"Kaka mkubwa," jamaa akasema, "unanunua begi au unaenda kuposa?"

Waliosimama wakacheka. Nikamwambia naenda kwa shangazi. Akakuna kichwa, akasema basi ungesema mapema, kwa shangazi si suala la kilo mbili. Akaingia nyuma ya kibanda, akatoka na begi la kijivu, limepauka kidogo mabegani. Lilikuwa limegawanywa sehemu mbili na kipande cha kitambaa kigumu. Sehemu ya chini inafunguliwa kwa zipu ya mgongoni, upande unaogusa mwili, hivyo ukiwa umelivaa stendi hakuna mkono wa mtu unaofika humo. Sehemu ya juu ilikuwa tupu, haina tundu, haina sponji, haina chochote. Pembeni kulikuwa na mfuko mwembamba wa kuwekea karatasi, unaotosha kibali cha kurushia droni, na chini kabisa, ndani ya kijimfuko cha siri, koti la mvua la begi lenyewe.

Nikapakia chini. Nikaweka mchele juu. Jamaa akachukua mfuko wa kokoto uliokuwa unazuia turubai lake, akauongeza juu ya mchele, akaniambia, "Sasa tembea." Nikatembea mpaka kwa fundi na kurudi. Mikanda ilishika.

Nyumbani nilikata sponji ya begi jeusi kwa kisu cha mboga, nikaipachika kwenye sehemu ya chini. Iliniuma kidogo, lile begi lilikuwa bado zima. Sehemu ya juu sikuweka kitu. Nguo zangu nilizifunga kwenye furushi dogo la mkononi.

Idodi nilifika mchana wa jua kali. Nilizunguka nyuma kama kawaida yangu, na shangazi, aliyekuwa anapepeta uani, akasimama akajifunga khanga vizuri.

"Kamwene," akanisalimia. "Karibu. Pitia mbele, huku kuna vumbi."

Nikapitia mbele. Nikakalishwa kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe. Chakula kililetwa kwenye sahani iliyofunikwa, na maji ya kunawa yaliletwa na dada, ambaye hakunitazama usoni kwa kuogopa kucheka. Shangazi aliniuliza habari za kazi, habari za Mbeya, bei ya mbolea huko. Alinihudumia kama mchungaji aliyetoka usharika mwingine.

Sikusema lolote juu ya mchele. Nililala. Siku ya pili nilikwenda naye shambani, nikasafisha mfereji, nikala tena kwenye sahani iliyofunikwa, nikalala tena. Droni sikuitoa. Begi lilikaa ukumbini, chini limejaa, juu limelegea kama shati lisilo na mtu.

Asubuhi ya kuondoka nililiweka barazani nikafunga kamba za viatu. Shangazi akatoka. Akalitazama begi, akalibonyeza kwa kidole pale juu.

"Huku mbona pamelala?"

"Hamna kitu, shangazi."

"Umesahau kupanga?"

"Nimepaacha."

Akaingia ndani. Nikasikia mfuniko wa debe ukitoka, kisha sauti ya ungo, akipepeta na kupuliza, akipepeta na kupuliza, taratibu kama mtu asiyejua kwamba kuna gari la asubuhi. Gari hilo nililisikia likipiga honi mbali barabarani likapita. Nikafungua kamba za viatu, nikakaa.

Alipotoka alikuwa na foronya yenye maua, imejaa mchele, imefungwa fundo. Akaitia mwenyewe kwenye sehemu ya juu, akaigandamiza kwa viganja viwili, akavuta zipu. Ilifunga.

"Au Madibira mwaka huu hawakupata mvua?" akaniuliza.

"Kule walinipa sahani moja, shangazi. Sikuongeza."

Jikoni dada aliangua kicheko alichokuwa amekibana kwa siku mbili. Shangazi hakucheka kwa sauti, ila mabega yake yalitikisika. Akaniambia nipite jikoni nichukue kiporo cha kula njiani, na nisiingie na viatu.

Nilipotoka na kiporo changu, alikuwa ameshakunja khanga kuwa kata na begi lilikuwa kichwani kwake. Kazi yangu yote ilikuwa kichwani kwa mwanamke wa umri ule, kwenye njia ya mawe. Nikamwambia anipe, kuna mashine humo, ikianguka imekwisha.

"Wewe mwenyewe nilikubeba," akasema, "sembuse hiki kindege chako."

Akatangulia. Nikamfuata mikono mitupu mpaka barabarani, karibu nusu saa, akinieleza shamba lipi limeuzwa na nani kaoa. Begi halikuyumba hata mara moja. Hakulitua mpaka gari lilipokuja, na alinikabidhi akiwa amelishika kwa mikono miwili.

"Foronya yangu irudi," akasema. "Ni ya seti."

Nimeifua, nimeipiga pasi. Imekaa kwenye ule mfuko mwembamba wa pembeni, pamoja na kibali, na nimeshanunua majani ya chai ya kuiwekea ndani. Mwezi ujao nina harusi Iringa.