Ramani ya Mwezi Kizuizini

Juzi, kwenye kizuizi cha daraja la Garissa, askari alitushusha sote kwenye lori, akaanza kupekua mizigo akitafuta dalili za shifta, waasi wa Kisomali wanaotaka kujitenga. Katika mkoba wa mwalimu mmoja Msomali akapata kitabu, na ndani ya kitabu, ramani.

"Hii ya wapi?"

"Ya mwezini, afande. Mwandishi alibuni watu wanaoishi huko. Amekufa, nakwenda kumsomea."

"Kumsomea nini?"

"Sisi mtu akifa tunamsomea Kurani. Huyu hakuwa Mwislamu, kwa hiyo mimi na wasomaji wenzangu tutakaa tumsomee kitabu chake."

Askari akapitisha kidole juu ya mstari mwekundu. Mama aliyesimama kando yangu akanong'ona, "Ya Rabbi."

"Na huu?"

"Mpaka, afande."

Bunduki ikahama bega.

"Watu wa huku wanataka kujitenga na wale?"

"Wallahi sijui. Amekufa kabla ya kuandika kitabu cha pili."

Askari akainyofoa ramani kitabuni, akaitia mfukoni, akarudisha kitabu. "Kasome. Hii inakwenda kwa mkubwa."

Tulipanda lori. Juu yetu mwezi wa mchana ulikuwa umetulia, hauna habari kwamba sasa una faili.