Sketi za Makoti ya Ulaya

Juma lililopita nilikuwa napita kwenye soko la mitumba pale Mbarara, mchuuzi mmoja akanitupia koti zito mabegani bila hata kuniuliza. "Mama, hii ya baridi kabisa! Watu hawaitaki, nitakupunguzia." Nikasimama nalo hivyo hivyo. Harufu ya dawa ya nondo ilinipanda puani, nikamwona bibi yangu amekaa chini, miguu ameinyoosha, wembe mkononi, anafumua mshono. Nikalivua nikamrudishia mwenyewe. Acha nikusimulie, rafiki yangu, kwa nini mpaka leo sivai nguo ya sufu.

Tuliingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulipofukuzwa shambani petu tukaambiwa turudi kwetu Rwanda, nchi ambayo mimi sikuwahi kuiona. Tulikuwa watatu: bibi, mimi wa miaka tisa, na mdogo wangu wa miaka mitano. Mama alikwisha fariki. Baba alivuka mpaka pale Kikagate kwenda kutafuta kibarua Tanzania, na mpaka leo hajarudi. Katika kukimbia, bibi aliacha sufuria, akaacha mbuzi, lakini cherehani yake ya mkono aliifunga kwenye kitenge akaibeba kichwani mpaka Rubondo, kijiji cha humo kambini tulikogawiwa kiwanja.

Watu wakisikia Uganda hudhani ni jua tupu. Hawajaamka Nakivale mwezi wa saba, ukungu umepanda kutoka ziwani mpaka umelala juu ya nyasi za paa. Tulikwenda shule miguu mitupu na vigauni vya pamba vilivyochakaa, magoti yamepauka kama majivu. Mdogo wangu alikuwa na kifua. Kipupwe cha kwanza aliugua hata jirani yetu akaja kukaa na bibi asubuhi nzima, kama watu wanavyokaa msibani. Alipona, ila akabaki na pumzi inayolia kama mlango. Bibi akasema, "Kipupwe kingine hakitamkuta na magoti wazi."

Kitambaa kizito tungekipata wapi? Bibi alikijua Kiswahili cha biashara, alikipata ujanani akiuza mtama Kikagate, na akanifundisha mimi. Siku moja tukapanda pikapu ya samaki mpaka Mbarara, akaenda kumsalimu fundi mmoja Mwislamu aliyekuwa na kibaraza karibu na msikiti. Fundi yule alishona sare za shule za watoto wa askari wa kambi ya jeshi ya mjini, na alinunua marobota ya mitumba kutoka Ulaya. Ndani ya kila robota mlikuwa na makoti mazito ya baridi ambayo hakuna mtu wa Mbarara aliyeyataka.

"Bibi, haya yamenijazia duka bure," akasema. "Nishonee mapindo ya hizi sare, uchukue makoti unayoyataka."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila mwezi tulikwenda, bibi akashona mapindo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mimi nikimtungia uzi, na fundi akituletea chai ya tangawizi na mandazi. Mimi aliniita "mwalimu" kwa sababu nilipenda kusahihisha Kiswahili cha wateja wake. Alicheka mpaka kofia ikamlegea. Sikuwahi kuwa na baba wa kucheka nami namna ile.

Nyumbani bibi alifumua koti lote, akaliosha, akalianika juu ya miiba ya ua. Mgongo wa koti moja ulitoa sketi mbili za watoto, mikono ikatoa ya tatu. Bitana ilikuwa gunia la unga lililochemshwa mpaka maandishi yakafifia. Kiunoni, badala ya lastiki, alipitisha ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Pindo aliliacha pana, vidole vinne, ili likunjuliwe kila mwaka. "Mtoto hukua, kitambaa hakikui," alisema. Sketi za kwanza zilikwenda kwa mdogo wangu na mabinti wa jirani. Mwalimu wetu alipoziona akaomba washonewe watoto wengine saba ambao baridi iliwazuia kuja shule.

Kwa ajili ya hao saba tulikwenda Mbarara tena. Fundi alitufungia makoti manne, na moja lilikuwa la kijani kibichi, zito, lenye vifungo vya shaba. Bibi aliligeuza mara mbili. Ilikuwa miaka ya vita vya msituni, na mtu aliyekutwa na nguo inayofanana na ya jeshi aliitwa mwasi. Lakini koti lile lilikuwa kubwa, lingetoa sketi nne. Akalikunja akalitia katikati ya mengine.

Kizuizini, nje kidogo ya mji, askari walitushusha sote kwenye pikapu. Mmoja akafungua furushi, akalivuta lile la kijani.

"Wewe mzee, hii nguo ya jeshi umetoa wapi?"

Bibi akamtazama kama kiziwi. Akajibu maneno mawili matatu ya Kinyarwanda, akitikisa kichwa.

"Huyu hapana sikia Kiswahili," askari akamwambia mwenzake.

Nami, rafiki yangu, nikadhani bibi amesahau. Nikadhani hofu imemwondolea lugha, na kwamba mimi niliyeitwa mwalimu nitamwokoa. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili safi kabisa, "Tumepewa na fundi, yule wa karibu na msikiti."

Mkono wa bibi ulinibana bega. Haukuniumiza, ulitulia tu pale. Askari alicheka, akanisifu kuwa mtoto mwerevu. Wakalichukua koti la kijani, wakaturudishia mengine, wakaturuhusu kwenda. Njia nzima bibi hakunigombeza. Tulipofika Rubondo aliniambia neno moja tu: "Kulikuwa na sababu ya kunyamaza."

Mwezi uliofuata tulikuta kibaraza kimefungwa. Mwenye duka la jirani alitwambia, akiangalia huku na huku, kwamba askari walikuja kumchukua fundi jioni ya siku ile ile tuliyoondoka na makoti. Bibi akaketi kwenye ngazi, akavua kitambaa cha kichwa, akakivaa tena. Tukarudi Nakivale mikono mitupu.

Miezi mitatu ilipita. Tulipokwenda tena mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa amekaa nyuma ya cherehani bila kushona. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani, vidole vimepinda na kukauka. Hakuweza tena kushika mkasi. Alimtazama bibi, kisha akanitazama mimi.

"Waliniambia walielekezwa," akasema. "Sikuambiwa na nani."

Nilifungua mdomo. Bibi akaniwahi, akamwambia fundi.

"Ni mimi, mwanangu. Niliogopa, nikasema. Unisamehe."

Fundi akaonyesha pembeni kwa kidevu. "Chukua yote yaliyobaki, Bibi. Sitaki kuyaona tena."

Yalikuwa makoti tisa. Tuliyabeba kwa safari mbili mpaka kwenye pikapu, yeye akitazama ukutani. Msimu ule mabinti wa Rubondo walikwenda shule wamefunikwa magoti kwa sketi za buluu, za kahawia, za mistari, na mwalimu akasema darasa limependeza. Mdogo wangu hakuugua. Mimi nilivaa yangu kwa sababu bibi aliniamuru, na kila ilipogusa ngozi nilihisi kama nimevaa mkono wa mtu.

Bibi alifariki kabla muongo ule haujaisha. Kufa kwake kulinipa ujasiri. Nikiwa na miaka kumi na sita nilikwenda Mbarara peke yangu, njiani nikikariri maneno ya kukiri. Fundi alikuwa ameacha ushonaji. Alikaa kwenye kibaraza kile kile akiuza uzi na vifungo kwa mkono wa kushoto. Alinitambua. Akaniuliza, "Bibi hajambo?"

Nikamwambia kuwa ametutoka. Akainamisha kichwa, akamwombea dua kimoyomoyo, kisha akasema, "Nilimkasirikia sana. Lakini wateja wengine wote niliowauliza waliapa kwamba hawajui kitu. Yeye peke yake alikuja akasimama mbele yangu akaniambia kweli. Ndiyo maana nilimsamehe."

Maneno niliyoyabeba kutoka Nakivale, kwamba aliyesema ni mimi, sikuyatoa. Nikanunua vifungo sita nisivyovihitaji, nikamuaga.

Leo kibaraza hakipo. Pamejengwa ghorofa, na vijana wanauza simu. Niliwauliza habari za fundi, hawakumjua. Rubondo wapo watu wengine, wenye vita vyao na lugha zao. Mdogo wangu ana wajukuu na hakumbuki baridi ile. Aliyeujua ukweli alikuwa bibi, na aliyestahili kuusikia alikuwa fundi, na mimi nilikaa mbele yake, mzima, nina ulimi, ninajua Kiswahili, nikanyamaza.